Sauti Kwanza, Kamera Baadaye: Mikro Ipi Inafaa Ukumbi wa Chuo Lubumbashi?

"Papa Prof, siye huku hatusikie!"

Ujumbe wa namna hiyo huingia kwenye kundi la WhatsApp la promosyo, yaani la darasa zima, kabla somo halijafika mbali. Aliyeuandika yuko Kolwezi, kilomita zipatazo 300 kutoka Lubumbashi. Ametoka zamu mgodini, amenunua forfe ya intaneti kwa pesa yake, na sasa anaona midomo ya mwalimu ikicheza kwenye kioo cha simu huku masikioni akipata mwangwi, kikohozi cha benchi la mbele na mvumo wa feni. Wenzake waliokaa ukumbini, barabara ya Kasapa, wanaandika daftarini bila shida. Yeye amelipa ada ileile.

Makala hii ni ya mkuu wa idara, mwalimu au CP (kiongozi wa promosyo) aliyepewa kazi ya kununua vifaa vya sauti kwa masomo mseto, yaani somo moja linalofuatwa na walio ukumbini na walio mbali kwa wakati mmoja. Nimelinganisha njia sita, kuanzia ya dola 15 hadi ile ya maelfu. Bei ninazotaja ni za kimataifa kwa kukadiria. Mizigo yetu mingi hupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kila kituo cha njiani huongeza chake, kwa hiyo acha nafasi ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Tangu Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipoanzishwa mwaka 1955, kikaunganishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971 na kurudishiwa uhuru wake mwaka 1981, sauti ya mwalimu ilipimwa kwa swali moja: je, benchi la mwisho linasikia? Tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya korona, benchi la mwisho lilihamia nyumbani. Vyuo vimefunguliwa zamani, lakini benchi hilo halikurudi lote. Sehemu yake iko Likasi, Kipushi na Kolwezi, kwa watu wenye kazi na familia ambao wangependa kusoma bila kuacha vyote viwili.

Kitu unachonunua ni ukaribu

Kabla ya kutaja kifaa chochote, tuelewane jambo moja, maana ndilo linalookoa pesa. Mtu akizungumza kwa kawaida, sauti yake umbali wa mita 1 huwa na nguvu ya desibeli 60 hivi. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua desibeli 6. Mita 2 ni 54, mita 4 ni 48, mita 8 ni 42. Ukumbi wenye feni, minong'ono na magari ya nje unaweza kuwa na kelele ya 45 hadi 50. Simu iliyowekwa mita 8 kutoka kwa mwalimu basi inasikia kelele kuliko somo.

Geuza hesabu. Mikro ikiwa sentimita 25 kutoka mdomoni, sauti inafika kwa nguvu ya desibeli 72, zaidi ya 20 juu ya kelele ileile. Wataalamu wa sauti za madarasa hutaka sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa angalau desibeli 15 ili maneno yaeleweke vizuri. Kwa hiyo mikro ya dola 20 iliyo kwenye kola inaishinda mikro ya dola 3,000 iliyo mbali na mdomo, na inashinda bila kutumia programu yoyote ya kusafisha sauti.

Adui wa pili ni mwangwi. Kuta za zege, sakafu ya saruji na dari ya mabati hurudisha sauti mara nyingi, na silabi ya kwanza inaifunika ya pili. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI S12.60 kinataka mwangwi wa darasa la kawaida lisilo kubwa ufifie ndani ya sekunde 0.6, na kelele ya darasa tupu isizidi desibeli 35. Kumbi zetu nyingi haziwezi kufika hapo leo. Lakini mapazia mazito, mbao za matangazo zilizofunikwa kitambaa na jenereta iliyosogezwa nyuma ya jengo husaidia sana, na fundi wa mtaani anaweza kuzifanya kazi hizo.

Njia ya 1: simu na mikro ya kravati yenye waya (dola 15 hadi 25)

Hii ni ile mikro ndogo inayobanwa kwenye kola na kuchomekwa kwenye simu. BOYA BY-M1 ndiyo inayojulikana zaidi. Ina waya wa mita 6 na kibetri kidogo cha LR44, ambacho ni vizuri kuwa nacho cha akiba mfukoni. Ikiwa simu yako haina tundu la mviringo la vichwa vya sauti, ongeza adapta ya USB-C.

Faida zake ni bei, na kwamba haitumii masafa ya redio yanayoweza kuvurugwa. Upungufu wake ni mwili wa mwalimu kufungwa kwenye waya. Anayependa kutembea kati ya ubao na madawati atauvuta mpaka uchomoke. Tena inamsikia mwalimu peke yake. Maswali ya wanafunzi hayafiki mbali.

Hilo la pili lina dawa isiyo na gharama: mwalimu arudie kila swali kabla ya kulijibu. "Mwenzenu anauliza kwa nini..." Sekunde 10 zinatosha, na hata waliokaa nyuma ukumbini watashukuru.

Njia ya 2: mikro ya kravati isiyo na waya (dola 25 hadi 300)

Hapa pana tofauti kubwa ya ubora, na ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Seti zisizo na jina, za dola 10 au 15, hufanya kazi kwa video fupi. Katika somo la saa mbili nyingi huchoka betri mapema, na usafishaji wake wa kelele hukata mwanzo na mwisho wa maneno. Seti za kati za kampuni zinazojulikana, kati ya dola 40 na 100, zinatosha kwa vyumba vingi. Juu yake kuna za kitaalamu. Rode Wireless GO II ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa dola 299. Ina vipaza viwili na kipokezi kimoja, betri yake inafika saa 7, na kila kipaza kinaweza kurekodi ndani yake chenyewe. Mawasiliano yakikatika, somo halijapotea.

Vipaza viwili ndiyo sababu kuu ya kuipenda njia hii. Kimoja kinakaa kwenye kola ya mwalimu. Cha pili anakishika CP au msaidizi na kukipeleka kwa anayeuliza. Hapo mwanafunzi wa Kolwezi anasikia pande zote mbili za mazungumzo.

Tahadhari: nyingi za seti hizi hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi. Katika ukumbi wenye simu 200, nyingi zikigawa intaneti kwa jirani, sauti inaweza kukatika. Weka kipokezi mbele, mahali kinapomwona mwalimu bila kizuizi, na uwaombe wanafunzi wa mistari ya mbele wazime ugawaji wa intaneti.

Njia ya 3: kipaza cha meza cha mikutano (dola 100 hadi 150)

Mfano wake ni Jabra Speak 510. Ni kisahani kimoja chenye mikro na spika ndani, kinachounganishwa kwa USB au Bluetooth, na kina betri yake. Ubora wake mkubwa ni kuzuia sauti ya aliye mbali isirudi kwake kama mwangwi. Kwa semina ya watu wachache kuzunguka meza, au mwanafunzi anapokutana na msimamizi wa tasnifu aliye nje ya nchi, ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa ukumbi wa watu 150, usikinunue. Kimetengenezwa kwa watu waliokaa hatua moja au mbili kutoka kwake.

Njia ya 4: mikro ya mkono, meza ya kuchanganyia sauti na spika (dola 460 hadi 1,050)

Ukumbi ukiwa mkubwa kiasi kwamba hata walio ndani hawasikii, njia hii inatibu magonjwa mawili kwa dozi moja. Shure SM58, mikro ya mkono iliyotengenezwa tangu mwaka 1966, inauzwa karibu dola 100. Inavumilia kuangushwa, haihitaji betri, na kila fundi wa muziki na wa kanisani anaijua. Ongeza meza ndogo ya kuchanganyia sauti yenye USB, dola 60 hadi 150, na bafle mbili, yaani spika kubwa, zenye amplifaya ndani, dola 150 hadi 400 kila moja. Waya wa USB unapeleka sauti kwenye kompyuta, bafle zinaipeleka kwa walio ukumbini.

Njia hii inahitaji mtu anayejua mambo mawili. La kwanza ni larsen, ule mlio mkali unaotokea mikro inaposikia bafle yake yenyewe. Bafle zikae mbele ya mwalimu zikiwaelekea wanafunzi, kamwe zisiwe nyuma ya mikro. La pili ni kutomrudishia aliye mbali sauti yake mwenyewe. Meza ipangwe ili sauti inayotoka kwenye kompyuta iende kwenye bafle tu, isirudi tena kwenye kompyuta. Msaidizi makini hujifunza hayo kwa siku moja. Asiyefundishwa ataharibu somo kila juma.

Kuweni macho na bandia. SM58 ni miongoni mwa mikro zinazoigwa sana duniani. Ukiambiwa ni halisi kwa dola 25, jibu unalo.

Njia ya 5: kamera ya duara yenye mikro ndani (dola 1,000 na zaidi)

Meeting Owl 3 ndiyo inayotajwa sana. Inasimama katikati ya meza, inaona pande zote, na kamera inamgeukia anayezungumza. Mikro zake hushika sauti hadi mita 5.5. Kwa chumba cha mikutano cha watu 15 ni kifaa kizuri. Katika ukumbi wa ngazi, mwalimu mbele na wanafunzi mita 12 nyuma, mita 5.5 hizo haziwatoshi. Nimeona watu wakivutiwa na kamera yake wakasahau kupima urefu wa chumba. Chukua futi kamba kabla ya kuchukua pochi.

Njia ya 6: mikro za darini (dola elfu kadhaa kwa chumba)

Shure MXA920 na Sennheiser TeamConnect Ceiling 2 ni kazi nzuri ya uhandisi. Mwalimu hashiki kitu, havai kitu, na mikro inaifuata sauti yake popote anapotembea. Lakini zinadai umeme usiokatika, mtandao wa nyaya ndani ya jengo, mara nyingi kichakata sauti, fundi aliyesomea na dari tulivu. Mvua ya Lubumbashi, kuanzia Novemba hadi Machi, ikipiga mabati, mikro iliyo darini ndiyo inayokaa karibu zaidi na kelele na mbali zaidi na mdomo. Chumba kimoja cha namna hii ni bei ya kuvipa vyumba zaidi ya kumi seti nzuri za njia ya 2.

Gharama zisizoandikwa kwenye risiti

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Tupige hesabu ya intaneti kwa somo la saa 45.

Sauti peke yake kwenye mkutano wa mtandaoni, kwa kilobiti 80 kwa sekunde, hutumia mega 36 kwa saa. Saa 45 ni giga 1.6 hivi. Ukiongeza picha kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa moja inakula mega 450, na somo zima linafika giga 20. Na ukirekodi sauti kwa mfumo wa Opus wa kilobiti 24 kwa sekunde, saa moja ni mega 11, somo zima halifiki mega 500. Chukua bei ya forfe yako ya Vodacom, Airtel au Orange, uizidishe, kisha umfikirie mwanafunzi mwenye masomo manane kwa mwaka. Kamera inayowashwa muda wote ni kodi anayotozwa aliye mbali. Picha ya ubao inayopigwa kila baada ya dakika 15 na kutumwa kwenye kundi inamfaa zaidi.

Starlink ilipata leseni nchini mwaka 2025, na idara kadhaa zitaona hapo suluhisho. Intaneti ya kasi ni baraka, lakini hupeleka kile inachopewa. Mwangwi ukiingia upande wa Kasapa, mwangwi utafika Kolwezi, kwa kasi zaidi.

Kuna pia programu. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40, Google Meet ya bure baada ya dakika 60 wanapokuwa watu watatu au zaidi. Somo la saa mbili litakatika katikati. BigBlueButton na Jitsi hazidai leseni, ila zinahitaji seva na mtu wa kuitunza. Chuo chenye idara ya informatika kina watu hao tayari.

Kisha umeme. Delestaji, yaani mgao wa umeme wa shirika la SNEL, haiulizi ratiba ya masomo. Njia ya 4, pamoja na bafle mbili, kompyuta, meza ya sauti na ruta, inaweza kula wati 180. Kwa saa 3 ni wati-saa 540. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiijali hutumii zaidi ya nusu, yaani 600. Betri moja basi, na inveta yake, ni somo moja kwa kujibana. Njia ya 1 na ya 2 zinatumia simu inayokula wati 5 hivi. Pawabanki halisi ya mAh 20,000, yenye wati-saa 74, inaibeba siku nzima ya kazi. Hata umeme ukikatika na intaneti ikifuata, simu itaendelea kurekodi, na jioni faili itatumwa.

Mwisho kuna kabati lenye kufuli, daftari la kutia sahihi, na mtu mmoja mwenye jina lake kwenye daftari hilo. Kifaa kisicho na mwenyewe hakimalizi mwaka.

Ukifika dukani

Nenda na simu ileile itakayotumika. Omba kifaa kifunguliwe, ukibane kwenye kola, urekodi dakika moja ukiwa umesimama, kisha ukiwa umegeuka kama mwalimu anayeandika ubaoni, kisha ukiwa umetoka hadi mlangoni. Sikiliza kwa vichwa vya sauti, si kwa spika ya simu, maana spika ndogo huficha mvumo. Uliza kama betri inabadilishika na kama waya wa akiba unapatikana hapahapa mjini. Andikisha garantii kwenye risiti, hata kama ni ya mwezi mmoja. Ukiagiza kwa mtu wa Dar es Salaam au Dubai, elewaneni kwanza nani anabeba hasara kikifika kibovu.

Uamuzi

Mwenye dola 30: nunua mikro ya kravati yenye waya, adapta na kibetri cha akiba. Rudia maswali ya wanafunzi. Rekodi kila somo.

Mwenye dola 100 hadi 300: nunua seti isiyo na waya yenye vipaza viwili, na pawabanki. Hili ndilo chaguo langu kwa idara nyingi za Lubumbashi, maana seti hiyo inasikiliza mwalimu na mwanafunzi, inavumilia delestaji, na inabebwa mfukoni kutoka jengo hadi jengo.

Mwenye dola 1,000 na ukumbi wa watu 200: nunua njia ya 4, ukitenga sehemu ya pesa kwa ajili ya betri na kumfundisha msaidizi mmoja. Kipaza kisicho na waya kiongezwe baadaye.

Mwenye dola 3,000 au zaidi: usiziweke darini kwenye chumba kimoja. Gawa seti kwa idara kumi, nunua mapazia, na lipa forfe za wasaidizi wanaotuma rekodi.

Kwa wakuu wa vitivo nina ombi moja. Kabla ya kutia sahihi ununuzi wowote, mpigieni simu mwanafunzi mmoja aliye nje ya mji, mwekeni mwalimu asome ukurasa mmoja kupitia kifaa hicho, kisha mwanafunzi auseme kwa maneno yake mwenyewe. Akiweza, nunueni. Asipoweza, rudisheni kifaa dukani, hata kiwe kizuri namna gani machoni.